Plastiki Yako Ina Maji

Nakuru,
9 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa mjini. Mimi ni mzima, kile kifua cha mwaka jana kimepona kabisa, na natumaini wewe na Mama hamjambo, pamoja na ng'ombe. Mama aliniambia mahindi ya Rongai yalitoka vizuri safari hii. Nilifurahi kusikia.

Baba, najua nikipiga simu ya Mama wewe hutoka nje kuangalia ng'ombe. Mwaka wa nane sasa wanaangaliwa hivyo. Ndiyo maana nimeandika barua, nitampa Mama akija kliniki, akuwekee mezani. Barua haikulazimishi kujibu papo hapo.

Sitajifanya nimeandika salamu tu. Nina shida ya kazi, na mtu ninayemjua anayeweza kuitatua ni wewe.

Karakana yetu inatengeneza vyungu vya miche, vile vidogo vya kuanzia kahawa na miti, kwa plastiki ya wanga wa mahindi, ile inayooza. Mkulima anapanda mche pamoja na chungu chake, harudi nyumbani na mfuko wa nailoni wa kutupa. Lakini plastiki hiyo ikiwa peke yake inavunjika kama biskuti, kwa hivyo tunaitilia nyuzi za mkonge zilizokatwakatwa ziishike, vile nyasi zinavyoshika udongo wa ukuta. Kwenye maabara, kwa kijiko na sahani, ilikubali. Kwenye mashine imekataa. Mashine yenyewe ni ile ya kuyeyusha na kusukuma, ya skrubu moja kubwa, tuliinunua ikiwa imetumika, na hapa hakuna mtu aliyewahi kukaa na mashine kama hiyo vile wewe ulivyokaa na zenu za kiwanda cha plastiki miaka ishirini na miwili. Kinachotoka kina rangi ya chai iliyoungua, kimejaa mapovu, na kinanuka kama ugali ulioshika sufuria. Nimekuwekea kipande ndani ya bahasha.

Tumepewa mpaka mwisho wa Novemba kuonyesha chungu kinachofaa. Mama Jepleting wa Subukia, mwenye kitalu cha miche ya kahawa, amekubali kuvijaribu. Tusipoweza, mradi unafungwa.

Ukiona vigumu kunijibu, nitaelewa.

Binti yako,
Awuor


Rongai,
30 Machi 2025

Awuor,

Salamu. Sisi ni wazima. Ng'ombe mmoja amezaa, ndama dume. Mvua ilianguka Jumatano tukapanda.

Kipande chako kimekaa dirishani wiki saba. Nilikuwa sitaki kukishika. Leo baada ya kanisa nimekivunja.

Plastiki yako ina maji. Si maji ya kuonekana kwa macho. Nadhani punje za plastiki mmeziacha kwenye gunia wazi zikanyonya unyevu wa hewa, na mkonge ndio mbaya zaidi, kwa maana hunywa maji hata ukiuona mkavu. Maji yakifika kwenye moto yanakuwa mvuke, na hayo ndiyo mapovu. Tena kuna plastiki ambazo zikipikwa na maji zinakatikakatika zenyewe ndani. Nailoni ya kamba ilikuwa na tabia hiyo, na naona hii yenu ni ndugu yake. Kausha vyote viwili kwa moto wa chini, kwa muda wa saa nane au zaidi, na uvipeleke kwa mashine vikiwa bado na joto. Usiviache vikae hata kama ni kwenda kunywa chai.

Harufu ni moto mwingi. Nyuzi ni mmea, zinaungua. Shusha hita na uzungushe skrubu polepole.

Nina swali moja. Inaoza kweli, ama ni jina tu? Nusu ya kipande nimeizika kwenye mahindi, mstari wa tatu kutoka kwa choo.

Ni mimi baba yako,
Joash Okeyo


Nakuru,
12 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama wewe na Mama, na ndama pia. Mimi niko salama.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kununua unga, nikapitisha zamu yangu. Asante, Baba.

Tulikausha kama ulivyosema. Mapovu yamekwisha na rangi imekuwa kama ya mbao mpya. Nilikuwa nimelaumu mkonge, nikalaumu mtu aliyetuuzia punje, kumbe ni gunia lililoachwa wazi. Sasa shida imehamia mlangoni mwa mashine. Nyuzi zinashikana pale juu tunapomwaga, zinafanya kiota, na mashine inazunguka bila kula. Mchana kutwa tunachokora na kijiti.

Kuhusu kuoza, nitakujibu kwa kadiri ninavyojua. Kwenye lundo la mbolea lililo moto inaoza kwa miezi michache. Kwenye udongo wa baridi inaweza kuchukua mwaka, au hata zaidi. Mkonge unasaidia kwa sababu unapitisha maji mpaka ndani. Kwa hivyo usishangae ukifukua ukikute kipande bado kipo.

Na kuhusu yale niliyosema redioni nikiwa chuo, nakuomba msamaha. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilifikiri kiwanda ni mifuko na moshi tu. Siku moja ungekuja Nakuru uione hii mashine, ningefurahi sana. Nitakupikia.

Binti yako,
Awuor


Rongai,
27 Aprili 2025

Awuor nyara, binti yangu,

Mama yako amenisomea barua yako, halafu nikaisoma mwenyewe. Tuko salama, mguu wangu tu ndio unasumbua nikikaa sana.

Kiota kwanza. Usimwage nyuzi na punje pamoja. Punje ni nzito, zinashuka, nyuzi zinabaki juu zikisokotana. Angalia katikati ya bomba la mashine kama kuna kifuniko cha boliti nne. Mashine nyingi za zamani zina tundu hapo la kutoa hewa. Lifungue. Acha plastiki iyeyuke kwanza, nyuzi ziingilie hapo katikati, kidogo kidogo, zikute mahali palipo laini. Na uzikate fupi, zisizidi kucha ya kidole gumba.

Sasa redio. Unaomba msamaha kwa jambo usilolijua, kwa hivyo nitakueleza mara moja, tusirudie.

Ilikuwa Ijumaa ya Agosti, marufuku ya serikali ya mifuko ya plastiki inaanza Jumatatu. Barua za kusimamishwa kazi zilikuwa zimetolewa saa nne. Saa saba tulikuwa kantini, watu arobaini na mmoja, na hakuna aliyekuwa akila. Redio ya mpishi ilikuwa inalia kama siku zote. Mtangazaji akasema leo tuko na kiongozi wa chama cha mazingira cha chuo kikuu, anaitwa Awuor Okeyo. Kabla sijainuka ukaanza kuongea. Ulisema viwanda hivi vingefungwa zamani. Ulisema wanaofanya kazi huko watafute kazi safi. Na ulicheka kidogo ukisema hivyo.

Watu wote waliacha kuangalia barua zao wakaniangalia mimi. Aliyeinuka kuizima ni Kibii, msaidizi wangu kwenye mashine kwa miaka tisa. Akaniambia, "Mzee, maliza chai." Nilitoka hapo nikaenda kukaa kwa stoo mpaka saa kumi, nikingoja waende wote ndipo nipite getini.

Kibii alikuwa na watoto watatu. Nasikia siku hizi anauza viazi Sachangwan, kando ya barabara. Sijawahi kwenda.

Kuja Nakuru siwezi.

Baba yako,
Joash Okeyo


Nakuru,
3 Agosti 2025

Kwa Baba,

Habari za siku nyingi. Mama ananiambia mguu umepata nafuu na mahindi yamefika kichwani. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimekaa zaidi ya miezi mitatu bila kuandika. Sikuwa na hasira. Nilianza barua kama nne hivi na zote nikaona ni maneno ya kujitetea. Nakumbuka hicho kicheko. Mtangazaji alikuwa amenitania kidogo kabla hatujaingia hewani na bado nilikuwa nacheka hilo. Sikujua upande wa pili kuna nani anasikia.

Tundu lilikuwepo, boliti nne zilizoshika kutu kama ulivyosema. Sasa inatoka kamba nzuri, unaikunja inarudi. Vijana wawili ninaofanya nao kazi wanaliita tundu la Mzee.

Mwezi uliopita nilienda Sachangwan. Nilitaka kumwomba Kibii msamaha mwenyewe, kwa kuwa wewe nilikuomba kwa barua na haikutosha. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amepanga viazi na karoti mpaka karibu na lami. Nilimsalimia tu, hata sijasema jina.

"Wewe ni msichana wa Joash," akasema. "Hiyo sauti naijua."

Nikamweleza nimekuja kwa ajili ya ile siku ya redio.

"Hiyo ilipita. Ulikuwa mtoto. Serikali haikungoja wewe ndio ifunge." Akachagua viazi vilivyoanza kuota akavitupa nyuma. "Mimi siko na maneno na wewe. Niko na maneno na babako."

Nikamuuliza maneno gani.

"Mwezi wa tano hiyo mwaka nilipata kazi Naivasha, kuangalia pampu kwa shamba ya maua. Walinipatia wiki mbili niamue. Nikaenda kwa babako, maana yeye ndiye alinifunza kazi. Akaniambia nibaki, ati tunaenda kugeuza mashine zitoe mabomba ya maji, hakuna mtu ataenda nyumbani. Nikakataa ya Naivasha. Kumbe mafomeni, hao wasimamizi kama yeye, walikuwa wameambiwa tangu mwezi wa tatu hakuna mabomba. Huyo mzee alijua. Jepkorir wangu alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule."

Nikamwambia labda hukujua. Akasema, "Muulize." Gari likasimama, akaenda kuuza.

Kabla sijaondoka nilimwambia tunahitaji mtu wa mashine. Akasema, "Joash akitaka nikuje, aniambie kwa mdomo."

Baba, sikuandikii haya kukuhukumu. Ningeyanyamazia, halafu niendelee kukuuliza habari za ng'ombe, ningekuwa nakudanganya.

Binti yako,
Awuor


Nakuru,
14 Septemba 2025

Kwa Baba,

Salamu. Najua barua ya mwisho ilikuwa nzito na siandiki hii kukuharakisha. Mama anasema huli vizuri. Tafadhali kula.

Tulipeleka vyungu mia tano Subukia. Mama Jepleting alivijaza udongo, akapanda, akamwagilia wiki tatu, vikasimama vizuri. Siku ya kuvihamisha, wafanyakazi wake walipoviinua vikiwa na maji, zaidi ya nusu vilipasuka, vyote kwa mstari mmoja ubavuni, kutoka juu mpaka chini. Mizizi ilikatika. Tulikaa naye chini tukiokota miche. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kwa nailoni singepoteza hata mmoja," na ni kweli.

Meneja wetu amesema tutajaribu mara moja tu tena kabla ya Novemba kuisha. Sijui kosa liko wapi. Mkonge ni mkavu, moto uko sawa, kila kitu kiko kama ulivyofundisha.

Uwe salama.

Binti yako,
Awuor


Rongai,
26 Oktoba 2025

Awuor nyara,

Natumaini uko salama. Mimi nakula.

Nilijua.

Mwezi wa tatu mwaka huo meneja alituita mafomeni watatu ofisini, akafunga mlango. Alisema mabomba hayatakuwepo, mwenye kampuni ameamua kuuza mashine, lakini kuna oda kubwa ya kumaliza kabla ya Agosti, na watu wakijua wataondoka. Mimi niliahidiwa kazi kwenye kiwanda chao kingine. Nikanyamaza. Kibii aliponijia na habari ya Naivasha nilimhitaji kwenye mashine, kwa hivyo nikamwambia yale aliyokuambia. Nilimwangalia usoni nikamwambia. Hiyo kazi niliyoahidiwa haikuja, lakini hata ingekuja, nilikuwa nimeshasema uongo.

Kwa hivyo siku ile kantini waliponiangalia, si wote waliokuwa wananiangalia kwa sababu yako. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini sauti yako ilikuwa inatoka kwa redio, na ilikuwa rahisi kuwa na mtu wa kukasirikia. Nikakukasirikia wewe miaka minane. Mama yako alikuwa akiniuliza mtoto amekukosea nini kikubwa hivyo, namwambia heshima. Hiyo haikuwa heshima. Nisamehe.

Jumanne nilipanda kwenda Sachangwan. Kibii aliniona nikishuka akaendelea na mteja wake. Akamaliza, akaanza kujaza gunia, akaniambia, "Shika hapo." Nikashika mdomo wa gunia. Tulijaza magunia sita hivyo, yeye anamwaga mimi nashika. La mwisho nilipolishika nikamwambia, "Kibii, ile ya mabomba nilijua ni uongo nikikuambia." Akaendelea kumwaga. Nikarudia, maana lori lilikuwa linapita na sikuwa na hakika amesikia.

Akasema, "Nilisikia mara ya kwanza."

Alishona gunia mpaka mwisho. Halafu akaniambia anataka kujua nilikuwa nafikiria nini siku ile nikimwambia. Nikasema nilikuwa nafikiria oda. Akacheka, lakini si vizuri. Akasema hajui kama amenisamehe na nisimuulize tena, akijua ataniambia mwenyewe. Nikasema sawa. Nikamweleza kazi yako. Akauliza maswali ya mashine tu, ina hita ngapi, skrubu ni ndefu namna gani. Tukaongea hayo mpaka jioni.

Sasa chungu chako. Plastiki inaingia kwenye kalibu ya chuma, ile ya kuumbia chungu, kwa tundu moja la ubavuni, sivyo? Inagawanyika, inazunguka chungu pande mbili, halafu pande hizo zinakutana nyuma. Zinapokutana zimeshaanza kupoa. Zinagusana tu, haziingiliani, na nyuzi zinalala kando ya mstari, hakuna hata moja inayovuka kwenda upande wa pili. Kila mahali chungu kimeshikwa na mkonge isipokuwa hapo. Zibeni hilo tundu. Toboeni lingine chini, katikati ya kitako, plastiki ipande pande zote sawasawa kama maji yanavyojaa kikombe. Na hiyo kalibu muipashe moto zaidi kabla ya kuanza.

Kutoboa chuma hicho si kazi ya kuelezea kwa barua. Kibii na mimi tutakuja Jumatatu ya tarehe tatu. Yeye atatoka kwake na mimi kwangu.

Baba yako,
Joash


Nakuru,
8 Februari 2026

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini ulifika salama baada ya kuja tena Krismasi na mguu haukuvimba njiani. Mimi ni mzima. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Yale majuma yako matatu ya Novemba kitandani kwangu, mimi nikilala kwenye kochi, sikuwa nimejua unakohoa namna hiyo asubuhi. Nenda kliniki na Mama, usimsindikize tu.

Mama Jepleting alileta habari mwenyewe. Vyungu vya kitako kipya, vile vilivyotuvusha Novemba, alivimwagilia wiki tano, akawaambia wafanyakazi wake waviinue kwa mkono mmoja kama wanavyoinua nailoni. Kati ya mia tatu vimepasuka kumi na kitu. Amesema miche ya msimu huu atapanda nusu kwa nailoni na nusu kwa vyetu, kisha ataona mizizi inatokaje. Nilitaka aseme zaidi, lakini huyo mama hasemi asichokiona.

Kibii anaendelea vizuri. Anakaa chumba kimoja karibu na karakana na kurudi nyumbani Jumamosi. Vijana wanamwogopa kidogo. Hajanitajia jina lako tangu uondoke, sitakuficha hilo, isipokuwa juzi skrubu ilipoanza kupiga kelele akasema, "Joash angesikia hii kutoka getini."

Ninachotaka kukuandikia hasa ni hiki. Alhamisi meneja aliniita ofisini saa tisa. Aliniambia wafadhili wamebadilisha mipango yao na baada ya Juni hawatatoa pesa tena. Hakuna anayejua kama tutapata wengine. Akasema tuna oda ya Subukia na ya Molo ya kumaliza kufikia Mei, kwa hivyo tusiwashtue watu, nisiwaambie mpaka Mei iishe. Hakuwa mbaya akisema. Alikuwa amechoka, na nadhani aliamini ananipunguzia mzigo. Nilisema nimesikia. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye chumba cha kukaushia mkonge kwa sababu kuna joto.

Nilifikiria kukuandikia nikuulize. Kisha nikaona barua ingechukua wiki, na wiki hiyo yote ningekuwa nawaamkia Kibii na wale vijana wawili kila asubuhi.

Ijumaa nilifika mapema. Kabla mashine haijawashwa niliwaita wote watatu nikawaambia pesa zinaisha Juni, na kwamba huenda tukapata wafadhili wengine na huenda tusipate, na mtu akipata kazi mahali pengine asiikatae kwa ajili yangu. Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kwenda siku hiyo hiyo kuulizia nafasi kwa shangazi yake Rongai. Nikamwambia aende. Meneja amejua, na ameniambia kwamba kesho tutaongea, mimi na yeye na mkubwa wake. Huenda nikawa wa kwanza kutoka.

Kibii alingoja vijana watoke. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Umejua lini?" akaniuliza.

"Jana saa tisa."

Akaitikia kwa kichwa. Akatundika kitambaa, akaenda kuwasha kikaushio.

Binti yako,
Awuor